Namna ya kuandika wasifu wa marehemu mama na bibi: mwongozo kwa aliyekabidhiwa daftari msibani

Mara kwa mara hunifikia simu ya mtu aliyefiwa na mama yake, aliyeketi usiku na karatasi tupu mbele yake, akiuliza maswali yale yale: nianzie wapi, mwaka wa kuzaliwa tuupate wapi, ugonjwa tuutaje au tuuache, watoto aliowalea tuwaweke wapi, na kurasa ziwe ngapi. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi hata nimeona heri niyaandike kwa utaratibu, ili aliyefiwa asilazimike kumtafuta mtu wa kumuuliza. Mifano mingi nimeitoa Kilimanjaro, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa na ndiko tulikomzika mama yangu katika kihamba chake, yaani shamba la migomba la nyumbani, lakini hatua zenyewe zinafaa popote ambapo wasifu wa marehemu husomwa mbele ya waombolezaji.

Lipo jambo moja la kulielewa kabla ya hatua. Chukua wasifu wowote wa mama mtu mzima uliobaki nyumbani kwenu kutoka msiba uliopita, uusome taratibu. Kwa kawaida utakuta kwamba marehemu alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto saba, aliugua, akafariki dunia. Vitenzi vinne vya kwanza vyote viko katika kauli ya kutendwa. Mwanamke aliyeamka kabla ya jogoo kwa miaka hamsini anasimuliwa kana kwamba yeye mwenyewe hakutenda jambo lolote, alitendewa tu. Kazi yako ni kuvitafuta vitenzi vya kutenda: alilima, aliuza, alikopa, alizalisha, alisuluhisha, alikataa, alisomesha. Vingi vya vitenzi hivyo havimo katika cheti chochote. Vimo vichwani mwa watu ambao, kwa siku chache tu, wote wamekaa katika uwanja mmoja.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Kwanza, awepo mwandishi mmoja na msaidizi mmoja, wala si kamati ya watu wanane, kwa sababu wasifu ulioandikwa na wanane huishia kuwa orodha ya majina ya wanane hao. Pili, uwe na daftari kubwa, lile liitwalo kaunta buku, pamoja na simu yenye kinasa sauti na chaji ya kutosha. Tatu, kusanya nyaraka zote zinazopatikana: kitambulisho cha taifa, cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya mpiga kura, kadi za kliniki za watoto wake, kadi ya chama cha ushirika, na picha zilizomo katika sanduku lake, ambazo usizichukue bila kumwomba ruhusa dada mkubwa au yeyote aliyeshika funguo.

Jua pia muda ulio nao. Familia nyingi za Kikristo huwa na siku tatu hadi tano kati ya kifo na mazishi, kwa kuwa husubiri ndugu wa mbali. Waislamu huzika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, na kwao maandishi ya namna hii hutayarishwa zaidi kwa ajili ya hitima au arobaini, jambo ambalo kwa kweli humpa mwandishi nafasi nzuri zaidi.

Hatua ya 1: Pata idhini na mipaka

Mwendee msemaji wa familia au mwenyekiti wa kamati ya mazishi, umuulize mambo matatu: nani ataidhinisha maandishi ya mwisho, dakika ngapi zimetengwa katika ratiba, na saa ngapi karatasi zinapelekwa kuchapwa. Yaandike majibu hayo katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Nimeona wasifu mzuri ukitupwa usiku wa kuamkia mazishi kwa sababu mjomba mwenye kauli hakuwa ameulizwa lolote.

Hatua ya 2: Waulize watu wa rika lake kabla ya watoto wake

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayozaa matunda mengi kuliko zote. Watoto hawakumwona mama yao akiwa msichana, na wajukuu walimkuta tayari ni bibi anayewafichia maandazi. Aliyemjua akiwa na miaka kumi na mitano ni mdogo wake, aliyemjua akiwa bi harusi mgeni ni wifi yake, aliyejua shida zake za fedha ni kijumbe wa upatu, na aliyejua sala zake ni mama wa jumuiya aliyekaa naye benchi moja kwa miaka thelathini. Watu hao hutawakuta kwenye viti vya mbele chini ya turubai. Nenda nyuma ya nyumba, kwa wanawake wanaomenya ndizi na kuchambua mchele, ushike kisu nawe umenye, kisha uulize.

Tahadhari: usiulize, "Alikuwa mtu wa namna gani?" Ukiuliza hivyo utajibiwa kwamba alikuwa mcheshi, mkarimu na mcha Mungu, na majibu hayo yatamfaa kila bibi aliyewahi kuzikwa. Uliza mambo yanayoshikika: aliamka saa ngapi, na kazi ya kwanza ilikuwa ipi? Alikwenda soko gani, kwa miguu, akiwa amebeba nini? Akiba yake aliificha wapi? Alipokasirika alinyamaza au alisema? Neno gani lilikuwa halimtoki mdomoni? Khanga aliyoipenda iliandikwa nini? Nani alikuja kwake usiku kuomba msaada, na aliondoka na nini? Ukiruhusiwa kurekodi, rekodi. Ukikataliwa, andika baadaye ukiwa peke yako, kwani mtu aliyefiwa hapendi kusemea kalamu.

Kwa njia hiyo nilijua, nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja, kwamba ada yangu ya kidato cha kwanza haikutoka kwenye malipo ya kahawa kama nilivyoamini siku zote. Wifi yake mama ndiye aliyeniambia, huku akiendelea kumenya, wala hakuinua macho.

Hatua ya 3: Tafuta mwaka wa kuzaliwa

Bibi wengi waliozaliwa kabla ya Uhuru hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa katika kitambulisho mara nyingi ni makadirio ya karani. Ukiona tarehe ni 1 Januari au 1 Julai, shuku kwamba ilikadiriwa. Anza na daftari la ubatizo la parokia au usharika wake. Ikiwa alibatizwa akiwa mtoto mchanga, tarehe ya ubatizo iko karibu sana na ya kuzaliwa. Ikiwa alibatizwa akiwa mkubwa, daftari litakusaidia zaidi kwa tarehe ya kipaimara na ya ndoa.

Daftari lisipopatikana, tumia matukio. Waulize wazee alikuwa na ukubwa gani jambo fulani lilipotokea: Vita Kuu ya Pili ya Dunia ya 1939 hadi 1945, Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961, na mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro, Azimio la Arusha la Februari 1967, Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 kwa waliohamishwa, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa Uchagani, wazee hukumbuka vizuri kutawazwa kwa Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, yaani mtawala wa Wachagga wote, mwaka 1952. Aliyezaliwa Zanzibar ulizia Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na aliyezaliwa Kenya ulizia Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 na uhuru wa 12 Desemba 1963.

Kisha fanya hesabu. Tuseme mdogo wake anakumbuka kwamba siku ya Uhuru marehemu alikuwa amembeba mgongoni mtoto wake wa pili, na kadi ya ubatizo ya mtoto wa kwanza inasema 1959. Aliolewa basi mwaka 1958 hivi, na wanawake wa rika lake wanasema waliolewa wakiwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa. Mwaka wake wa kuzaliwa unaangukia 1939 au 1940, nawe utaandika "takriban mwaka 1940" bila kuona haya. Usibuni siku wala mwezi ili maandishi yapendeze.

Tahadhari: mwaka utakaoamua ndio utakaokwenda kwenye msalaba, kwenye ratiba na kwenye wasifu. Mpigie fundi wa msalaba siku hiyo hiyo. Kosa la msalaba kusema 1938 na ratiba kusema 1941 limewapata wengi, na rangi ya msalaba ikishakauka hakuna aliye tayari kurudi mjini.

Hatua ya 4: Panga majina na ukoo

Andika jina lake lote, jina la ubatizo au la dini, jina la utotoni, na jina ambalo mtaa mzima ulimwita, yaani Mama fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Watu wengine watakaokuja kuzika hawajawahi kulisikia jina lake la kitambulisho. Taja ukoo aliozaliwa, kijiji cha baba yake, jina la mama yake, na yeye alikuwa mtoto wa ngapi. Ukoo wa kuzaliwa husahaulika mno: wajomba husafiri tangu alfajiri kuja kumzika binti yao, halafu husikiliza wasifu mzima bila wao kutajwa hata mara moja.

Watoto waorodheshe kwa kufuata kuzaliwa, wakiwemo waliotangulia mbele za haki, hata aliyeishi siku tatu tu ikiwa mama alikuwa akimtaja. Kwa wale asiowazaa lakini aliwalea, iwe mtoto wa ndugu, yatima wa jirani au mtoto wa mume, kipimo changu ni kimoja: fuata alivyowaita yeye. Ikiwa alimwita mwanangu, basi ni mtoto wake katika karatasi hii. Wakwe nao watajwe, hasa mkaza mwana aliyemwogesha na kumlisha siku za mwisho.

Hesabu ya wajukuu, vitukuu na vilembwe usiikisie. Piga simu nyumba kwa nyumba, mwezi huu kazaliwa nani, na uandike tarakimu baada ya kupata majina.

Hapa nami nilikosea. Katika wasifu wa mama yangu nilimwacha binamu mmoja aliyelelewa nyumbani kwetu tangu akiwa na miaka miwili, kwa sababu tu niliandika kwa kufuata vyeti. Alikaa kimya ibada nzima na akaondoka kabla ya chakula. Nilimwendea baada ya siku nne nikiwa na jani la isale mkononi, ambalo kwetu Wachagga ni ishara ya kuomba msamaha, akalipokea, lakini karatasi mia tatu zilikuwa zimekwisha kugawiwa.

Hatua ya 5: Andika kwa vitenzi vya kutenda

Sasa kaa chini. Anza na sentensi ya kuzaliwa na ukoo, kisha ndoa na watoto, halafu toa nafasi kubwa, nusu nzima ya maandishi, kwa kazi za mikono yake na msimamo wake. Linganisha maandishi haya mawili.

La kwanza: "Marehemu alikuwa mkulima na mfanyabiashara ndogondogo. Alikuwa mama mchapakazi aliyependa maendeleo ya watoto wake."

La pili: "Kwa zaidi ya miaka ishirini Mama alitengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nyuma ya nyumba hii. Alizipika ndizi mbivu, akaziacha hadi zikachacha, akaotesha ulezi na kuusaga mwenyewe, na siku ya soko alitangulia Mwika kabla hakujapambazuka. Kahawa ilikuwa ya Baba. Ndizi, maziwa na mbege vilikuwa vya Mama. Ada ya watoto wanne wa sekondari ilitoka katika pipa la mbege."

Maandishi ya kwanza ni mafupi na hayana kosa, lakini hayamhusu mtu yeyote. Ya pili, anayemfahamu atamwona akipita na debe kichwani. Huhitaji ustadi wa ushairi. Unahitaji jina la soko, aina ya mzigo, na kitu kilichonunuliwa kwa fedha iliyopatikana. Kila unapoandika sifa, kama vile "mkarimu", jilazimishe kuiongezea kisa kimoja kwa sentensi moja. Usipokipata kisa, ifute sifa hiyo.

Andika pia aliyoyakataa. Mama aliyekataa binti yake aachishwe shule akaolewe, au aliyekataa shamba liuzwe mumewe alipofariki, alitenda jambo kubwa ambalo haliko katika fungu la utumishi wala la nyadhifa.

Hatua ya 6: Ugonjwa na kifo viwe vifupi

Sentensi mbili au tatu zinatosha: alianza kuugua lini kwa kadiri, nani alimuuguza, alifariki siku gani na wapi. Usitaje ugonjwa ambao yeye mwenyewe aliuweka siri, na usiugeuze wasifu kuwa malalamiko juu ya matibabu, hata kama yana haki, kwa sababu malalamiko yana mahali pake na mama hastahili kuagwa kwayo. Nimesoma wasifu ambao miaka sabini na tisa ya uhai ilipewa aya moja na miezi mitatu ya hospitali ikapewa aya nne.

Hatua ya 7: Waachie wajukuu fungu lao

Bibi si yule yule aliyekuwa mama. Aliyewachapa watoto wake kwa kuchelewa kurudi kisimani ndiye aliyewaficha wajukuu chini ya khanga yake wasichapwe. Usijaribu kuzichanganya sura hizi mbili katika aya moja. Mpe mjukuu mmoja dakika mbili, mwambie achague jambo moja tu ambalo bibi alimfundisha kwa vitendo: kukamua, kusuka ukili, kupika mtori wa mzazi, kusoma Zaburi kwa sauti. Aandike kwa lugha yake mwenyewe. Wewe msahihishie majina na tarehe tu.

Hatua ya 8: Hakiki kwa masikio matatu

Soma maandishi yote kwa sauti mbele ya watu watatu: mmoja wa ukoo wake wa kuzaliwa, mmoja wa ukoo wa mumewe, na mtoto wake mkubwa aliye hai. Usiwape karatasi, wasomee. Macho huruka makosa ambayo sikio huyakamata, hususan majina.

Hatua ya 9: Chapa na ujizoeze

Ukurasa mmoja wa A4 wenye herufi za ukubwa wa 14 huchukua dakika tatu hadi nne kwa mwendo wa msibani, kwa hiyo kurasa mbili zinatosha ibada nyingi. Nakala ya msomaji iwe na herufi za 16 na nafasi pana kati ya mistari, na sentensi isikatike mwisho wa ukurasa. Picha ya jalada iwe ile ambayo mwenyewe aliipenda, hata kama ni ya miaka kumi iliyopita. Picha ya kitambulisho iwe chaguo la mwisho kabisa. Msomaji asome mara tatu nyumbani, mara moja akiwa amesimama.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Wazee wawili wanapingana juu ya tarehe. Usiwakutanishe. Andika "takriban", kisha utafute waraka wa tatu. Usipopatikana kabla ya kuchapa, chukua kauli ya aliyekuwa karibu naye kwa umri.

Ndugu wanagombania orodha ya watoto. Rudi kwa yule aliyeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari kuwa ndiye mwenye kuidhinisha, umwombe aamue mbele ya mashahidi wawili. Wasifu si hati ya mirathi, na ni vyema aliseme hilo waziwazi, kwa maana hofu ya urithi ndiyo iliyojificha nyuma ya magomvi mengi ya orodha.

Kiongozi wa dini hataki mbege itajwe kanisani. Msikilize, umweleze kwamba ndiyo iliyosomesha watoto. Akisisitiza, soma "biashara ya sokoni Mwika" kanisani, na usome maandishi kamili nyumbani kaburini, kwenye kihamba.

Dakika zinakatwa ghafla kutoka saba hadi tatu. Tayarisha mapema, kwa kalamu ya rangi, mabano kuzunguka aya zinazoweza kurukwa. Ruka elimu, ruka nyadhifa, ruka ugonjwa. Aya ya kazi za mikono yake isirukwe.

Hakuna anayejua utoto wake, kwa kuwa wa rika lake wote wametangulia. Andika kijiji na zama: shughuli za wasichana wa huko wakati huo, umbali wa mto, shule iliyokuwapo. Useme wazi kwamba hayo ni maisha ya kijiji chake, usidai kwamba ni kisa chake.

Ulikuwa na ugomvi na mama, na kalamu haiendi. Andika aliyowatendea wengine, uyaandike kwa ukweli. Fungu la mapenzi mwachie ndugu yako.

Msomaji analia katikati. Asimame kimya, avute pumzi, anywe maji; waombolezaji watamsubiri. Msaidizi awe amesimama hatua moja nyuma yake akiwa na nakala ya pili, akifuata mstari kwa kidole, ili akipewa ishara aendelee kutoka neno lile lile.

Baada ya mazishi, kabla watu hawajatawanyika kwenda Arusha, Dar es Salaam na kwingineko, nakili sauti ulizorekodi katika simu mbili tofauti, uziandike majina ya wasemaji na tarehe. Daftari lifungwe kwa khanga yake moja, likabidhiwe kwa aliyebaki nyumbani, pamoja na nakala tano za wasifu. Kurasa zilizobaki tupu ziachwe hivyo hivyo: siku ya kumaliza msiba, mama mdogo fulani atakumbuka jambo lingine.